Bei Anayokupa Gervas

Kwako Mama Faraja, mke wangu,

Mnaendeleaje hapo Mshangano? Kifua cha mama kimetulia, au bado anakohoa kwa baridi ya asubuhi? Mimi huku Dar es Salaam nipo, joto tu ndilo linanimaliza. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatia kabla sijafika mwisho.

Ofisi imenipeleka kwenye mafunzo ya kodi. Tunajifunza kukagua bei za kampuni zenye undugu. Kampuni mama iko nje, mtoto wake yuko hapa, wanauziana mali kwa bei wanayopatana wenyewe, na faida inahamia kule ambako kodi ni ndogo. Kazi yetu ni kuuliza: wangekuwa hawajuani, wangeuziana hivyo? Basi tunatafuta watu baki wanaouziana mali kama ile, tunalinganisha bei.

Somo zuri, ila limenitia wazimu. Uliponiambia, tena unacheka, kwamba Gervas wa mashine ya kusaga anakununulia mahindi kwa bei nzuri kuliko wote, moyo ulinilipuka paa! Nikampigia kaka yangu anayelima Namtumbo. Nikampigia jirani yetu Mama Nyoni. Hakuna anayepewa bei hiyo. Hakuna! Nikajisemea, hapa pana jambo. Nina wivu, Mama Faraja, sikufichi.

Kesho yake nikanyoosha mkono darasani.

"Mwalimu, mfanyabiashara mmoja anamlipa mama mmoja zaidi ya wenzake wote. Tuseme kuna undugu wa siri?"

Mwalimu wetu, dada mmoja mkali, akaniuliza, "Umehakikisha mali ni ile ile?"

"Si mahindi ni mahindi tu?" nikasema.

"Huwezi kulinganisha bei kabla hujalinganisha mali. Na huyo mama ni nani?"

"Ni mfano tu."

Jamaa mmoja wa nyuma akadakia, "Mfano gani unakutoa jasho hivyo? Huyo ni shemeji yetu!" Darasa zima likaangua kicheko.

Ndiyo maana jana nilikupigia nikaanza na mahindi hata salamu sijatoa. Ukanijibu kwa hasira, "Kwani yeye anasaga mawe? Wenzangu wanapukuchulia chini, wanazoa na kokoto. Mimi napukuchulia kwenye turubai, napepeta, nachagua. Mashine yake haiharibiki." Ukakata.

Haya, nimekubali. Bei ni halali, Gervas hana kosa. Lakini wivu haujaisha, umehama tu. Nimekula ugali wa mahindi hayo miaka yote, sijawahi kung'ata kokoto, wala sijawahi kuuliza kwa nini. Akaja mtu baki akaona. Hilo linaniuma kuliko yale niliyokuwa nayawaza.

Mpe mama shikamoo yangu. Msalimie kaka yako fundi baiskeli, na shangazi wa kwaya. Faraja mwambie asome, na aache kumwita huyo Gervas "anko".

Likizo yangu imekaribia. Bakiza gunia moja, ulifiche Gervas asilione. Hilo nalinunua mimi, na bei nitakayotoa hataiweza.

Ni mimi mumeo, wivu na vyote,
Baba Faraja