Ukoo wa Furaha

Mkuyuni, mwisho wa masika

Kaka Rehani, shikamoo. Mahindi yamekomaa, ila nguruwe wanatusumbua.

Umeniandikia kwamba wazee wa mchumba, wakihofia undugu, wanauliza ukoo wa Furaha, huyu niliyemlea tangu vita vya Maji Maji. Naujua, maana alinieleza mwenyewe. Nilipomwambia nitakujibu, machozi yalimtoka: "Mama, nilikuambia wewe tu."

Nimechanganyikiwa, kaka. Nikisema, namsaliti, nikinyamaza, posa itavunjika, na huenda kesho akanilaumu. Nilimwuliza afadhali lipi, akaendelea kutwanga.

Basi waambie hawana undugu naye, na kwamba ni binti yangu. Wakitaka zaidi, waje wamwulize mwenyewe. Mdomo wa kusema hayo ni wake.

Nduguyo akuombeaye afya,
Hidaya