Kopo la Maji Mbele ya Jiwe

Buswelu, 11 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku mimi na Odeta wazima, ila mtoto anaota meno na usingizi umetukimbia wote wawili. Mkono unaendeleaje? Shangazi bado anakukanda? Kwa simu husikii vizuri, ndiyo maana nimempa Kashindye, yule wa melini, barua avuke nayo.

Yule mnunuzi wa drili yako amekuja. Nimemwambia asubiri. Maige, fundi mitumbwi wa Pasiansi, ameniletea vyuma nimtobolee matundu ya bolti. Nikiiweza kazi hii ataniletea na nyingine, nami nitafanya kazi hapa hapa nyumbani, nisimzungushe mtoto juani nikichuuza. Shida ni biti za kutobolea, zimekuwa butu. Nazinoa kwenye jiwe la mashine ya kunolea kama wewe, nachovya kwenye maji, ncha inang'aa. Nikizitia kwenye chuma zinalia, zinatoa moshi, hazili. Nakosea wapi?

Binti yako,
Paskazia

Nansio, 19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Naandika kwa mkono wa kushoto, usicheke mistari. Wa kulia bado umelala, na shangazi yako ananikanda kama unga wa chapati.

Uza drili. Kunoa biti siyo kunoa kisu. Mimi ilinichukua miaka, na sikuwa na mtoto wa kunyonyesha. Cheche zitakuja kumwingia Odeta machoni. Njoo huku Ukerewe, mihogo ipo.

Baba yako

Buswelu, 25 Februari

Baba,

Shikamoo. Nashukuru kusikia unaandika, hata kwa kushoto.

Nikiwasha mashine Odeta anakuwa kwa jirani yetu Roza, hilo usilihofu. Lakini kuuza siuzi. Nasema kwa heshima.

Unasema miaka. Na mimi nimekaa miaka mbele ya jiwe lile, tangu nipo darasa la tatu, nimekushikia kopo la maji uchovye. Mkono wako naujua: unaegesha biti, unashusha, unazungusha. Nafanya vile vile. Mbona zako zilikula chuma na zangu zinateleza? Kama hutaki kunifundisha, sema hutaki, nimwache Kashindye apumzike.

Binti yako,
Paskazia

Nansio, 17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimekawia kwa sababu nilikasirika. Baadaye hasira zikaisha, likabaki lile kopo kichwani. Shangazi yako amenikuta nimeshika mwiko, naugeuzageuza hewani. Akauliza, "Na akili nayo imelala?"

Ulikaa mbele yangu. Nilikuweka huko mwenyewe, nichovye bila kugeuka. Kwa hiyo ulichokiona kilikuwa kinyume, kama mtu anavyojiona kwenye kioo. Unazungusha vibaya: nyuma ya makali panabaki juu, makali yenyewe yako chini, hayakigusi chuma. Yanasugua tu.

Anza na makali yaguse jiwe. Kisha shusha mkia wa biti taratibu huku unaizungusha kuelekea kulia kwako, ili jiwe lipunguze zaidi nyuma ya makali. Geuza, fanya upande wa pili, ulingane na wa kwanza.

Ikigoma, uza.

Baba yako

Buswelu, 24 Machi

Baba,

Shikamoo. Tuko salama, jino la Odeta limeota. Sina maneno mengi, vyuma vya Maige vinanisubiri.

Ndani ya bahasha kuna nyuzi mbili za chuma zilizojikunja. Zimetoka kwenye tundu moja, kila upande wa biti umetoa wake. Moshi hakuna. Zipapase mwenyewe. Yule mnunuzi nimemwambia asirudi.

Binti yako,
Paskazia

Nansio, 27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimezipapasa. Mkono wa kulia haukusikia kitu, wa kushoto ukasikia: uzi mmoja ni mnene kuliko mwenzake. Upande mmoja wa biti unauonea mwingine. Utarekebisha.

Nakuja na meli ya Jumamosi, tule Pasaka pamoja. Kigoda changu usikiweke mbele ya jiwe, kiweke upande wako. Kopo la maji nitakushikia mimi, halihitaji mikono miwili.

Baba yako