Baba Anataka Msitu, Mama Anataka Kupalilia

Bi Roswitha mpendwa, akili yangu imegota, nisaidie hata kama itabidi unigombeze kwanza. Baba yangu, Eckhard, alifariki mwezi uliopita, akachomwa kama alivyotaka, na majivu yake bado yako kwa mtu wa mazishi kwa sababu mimi na mama hatuelewani tuyazike wapi, maana baba alisema azikwe msituni, ule uliotengwa kwa kuzika majivu, chini ya mti mmoja wa familia, ambapo baadaye mama naye atalazwa, na mimi, na kaka yangu Henning, lakini mama hataki kusikia, na wewe unajua huku kwetu kisheria majivu huruhusiwi kuyaweka kabatini ukasubiri watu wapatane.

Mama yangu, Waltraud, ni mtu wa makaburi. Tangu nipate akili namjua na keni yake ya kumwagilia, ile anayoifunga kwa kufuli pale bombani makaburini isije ikaondoka na Bibi Kruse wa kaburi la jirani, na amewapalilia wazazi wake, na wazazi wa baba, na shangazi mmoja ambaye hata hakumpenda, na majani yakianza kuanguka yeye yuko pale na reki kabla jirani hajapita, kwa sababu mjini kwetu kaburi lenye magugu linasemwa kuliko mume mlevi.

Wiki iliyopita nilimbembeleza akakubali twende, yeye, mimi na Henning, tukaangalie tu. Bwana misitu, Bwana Tiedemann, alitupokea vizuri akatutembeza kwenye miti yenye utepe wa buluu, ambayo ndiyo bado haijapata wenyewe, na mama akamuuliza, "Na maua nitapanda upande gani?"

"Hapandwi kitu, Bibi Asmus. Wala mshumaa, wala jiwe. Msitu unajitunza wenyewe."

"Na haya majani?"

"Yanabaki hapo hapo."

"Yote?"

"Yote."

"Basi niambie, Bwana Tiedemann, mimi nitakuwa nakuja kufanya nini?"

Maskini akababaika, akasema watu wengi huja kutulia tu. "Kutulia natulia nyumbani," mama akamjibu.

Sasa sikia kioja. Tulimwonyesha miti mirefu iliyonyooka, ukisimama hapo unaona bonde lote mpaka mto Weser, akaipita yote bila kugeuza shingo, akaja kusimama kwenye mwaloni mmoja uliopinda, upande mmoja umekauka, uko kando ya njia na mbele yake kuna benchi tu, huoni bonde wala mto. Akatoa ufunguo wa nyumba, akakwangua uchafu wa kijani kwenye benchi, akalipangusa kwa leso mpaka pembeni, ndipo akakaa, akanywa kahawa kwenye chupa yetu na kipande cha keki ya plamu, akasema, "Huu unafaa." Nikashukuru moyoni, lakini sikumaliza kushukuru, kwa sababu Bwana Tiedemann alipogeuka kidogo mama alitoa reki ndogo kwenye mkoba, Bi Roswitha, kwenye mkoba wa kutokea, akaanza kukusanya majani ya msitu mzima, na alipoombwa aache akasema hawezi kumlaza mume wake kwenye takataka, wakabishana, tukaondoka.

Ndani ya gari akalia. "Wazazi wake nimewatunza mimi. Yeye kakimbilia porini ili nisimguse." Henning kwenye kiti cha nyuma akacheka, na mama hajamsemesha mpaka leo.

Linaloniumiza ni kwamba mimi najua. Baba aliniambia hospitali, "Mama yako amewamwagilia wafu maisha yake yote. Mimi nimwagiliwe na mvua, yeye apumzike. Ila usimwambie, atasema namwonea huruma." Nikamwahidi. Sasa nivunje ahadi ya marehemu, au nimnunulie mama kaburi la kawaida apalilie roho yake ipoe? Na hivi kwa nini achague mti mbaya kuliko yote? Ananikomoa?

Wako, Silke

*

Silke, pole sana kwa msiba. Sasa kaa vizuri nikugombeze, umeomba mwenyewe.

Baba yako alimpenda mama yako, hilo halina ubishi. Lakini alimpa mapumziko bila kumuuliza kama amechoka, halafu akafunga mdomo, akakufunga na wewe. Ahadi ile ilikuwa ya kumkinga mama yako asiumie. Ameshaumia, tena kwa jambo ambalo si kweli, na wewe umekaa na dawa mfukoni unaniandikia mimi! Mwambie. Mwambie kwa maneno yale yale ya baba, ya mvua na yote, usiyapambe. Atakasirika, na amkasirikie. Afadhali agombane na mume aliyemwonea huruma kuliko amlilie mume aliyemkataa.

Kaburi la kawaida usinunue. Mama yako alisema "huu unafaa", wewe ukalipita neno hilo kwa kuwa ulikuwa unaona aibu ya reki. Nami nilikuwa na hamu ileile ya kujua kwa nini mwaloni uliopinda, nikarudia barua yako, kwanza nikicheka, kisha sikucheka tena. Ile miti mizuri ya kuona bonde ina benchi? Hukuandika. Nadhani haina. Dada, mama yako hakukukomoa wala hakuchagua mti. Amechagua benchi. Alishamwelewa Bwana Tiedemann vizuri kuliko wewe: msitu unajitunza wenyewe, lakini benchi halijitunzi. Ndege wanalichafua, mvua inaliotesha ukijani, na hakuna utepe wala sheria inayosema lisifutwe.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho asubuhi mpigie Bwana Tiedemann, uulize kama ule mwaloni bado una utepe wake, uuchukue. Muulize pia kama Bibi Asmus anaweza kulitunza benchi. Mtu aliyekwanguliwa msitu wake mbele ya macho yake atakubali chochote kilicho mbali na majani. Kisha mpeleke mama, na maneno ya baba umwambie pale kwenye benchi, si ndani ya gari. Henning abaki nyumbani mpaka ajifunze wakati wa kucheka.

Kabla hamjatoka, pekua ule mkoba. Toa reki, weka brashi na kitambaa.

Baba yako alitaka apumzike. Atapumzika, akishamaliza kufuta.

Roswitha