Godoro la Kumfikisha Madam Riyadh

Jeddah, Jumatano 14 Januari. Asubuhi ina ubaridi kidogo, upepo unatoka baharini.

Mama mpendwa,

Habari za Machakos? Baba, yaani bosi wangu mzee, amenunua gari la kulala safarini ili ampeleke Madam Riyadh, nami nimo. Mdogo wangu Mwikali yuko huko, na sijamwona tangu aje Saudia. Ila Madam ana miaka sabini na mgongo mbovu, akasema bila godoro zuri hatoki hapa mtaani Aziziya.

Dukani alikataa kulala mbele ya wauzaji wanaume. Akaniambia, "Lala wewe." Nikavua viatu, nikajilaza kwenye godoro moja baada ya jingine, nikachagua lililo laini kuliko yote. Nilisahau kwamba mgongo uliokuwa pale ni wangu, si wake. Nyumbani alizama humo hadi mimi na Baba tukamvuta, kila mtu mkono wake. "Mmeninunulia kinamasi," akanung'unika. Likarudishwa.

Leo limeletwa gumu zaidi. Amelijaribu mwenyewe ndani ya gari, hapa uani, mlango umefungwa. Baba akawa anazunguka nje: "Vipi, Hajja? Twende au tusiende?" Nikachungulia dirishani, anakoroma mdomo wazi.

"Halas, imetosha," Baba akaninong'oneza. "Fungasha chai na tende. Kesho alfajiri."

Nitamkumbatia Mwikali mara mbili, moja ni yako. Usiache dawa za presha, Mama.

Mwanao, Mueni

N.B. Madam alipitiwa na usingizi saa nne na robo asubuhi.