Ukuta wa Baba Yosefu

Elisabethville, siku ya Mungu, nyuma ya misa

Yaya Monika, dada yangu,

Ninapiga mikono mbele yako, sawa vile tunafanya kwetu. Uko muzima? Mugongo uliokusumbua wakati wa kulima umepona? Batoto banalala vizuri? Sisi hapa tunapumua kwa neema ya Mungu, lakini si bote sawasawa, na njo sababu ninakuandikia. Baba Yosefu, bwana yako, hafanyi kazi tena. Iko hapa kwangu, kifua kinamuuma, na anakataa kurudi nyumbani. Keti kwanza nikuelezee.

Unajua tunajenga kwa muzungu mumoja mwenye kampuni ya nyumba. Mwaka huu bakubwa ba mine, kule banachimba shaba, balitaka nyumba za kambi, bakasema batapima kwanza kampuni mbili, yetu na ingine: nani anajenga upesi, nani ukuta wake umenyooka, nani anavunja matofari mingi. Basi patroni wetu, muzungu ule, naye akaanza kutupima sisi. Kila mwashi akapewa kipande chake cha ukuta, na mangaribi kapita, musimamizi wetu, anapita na kamba ya kupimia. Mwenye ukuta mufupi kila siku, anafukuzwa.

Baba Yosefu alikuwa anakohoa tangu mvua ianze. Mukono wake ni muzuri, unajua, lakini pumzi ilimuisha. Sisi bantu ba kwetu tukamuonea huruma. Kapita akigeuka, mimi naweka mustari mumoja wa matofari juu ya ukuta wake, Petro, jirani yake wa upande ule, anaweka wake, Anselme pia. Hatukusemezana. Kila muntu alifikiri ni yeye peke yake anasaidia. Basi ukuta wa mugonjwa ukapita kuta zetu zote! Petro akamutania Baba Yosefu, ati malaika anayemujengea haogopi kuchafuka na chokaa. Baba Yosefu mwenyewe alicheka mpaka akakohoa.

Lakini patroni aliona kamba, hakuona kifua. Siku bazungu ba mine balipokuja, akamuweka Baba Yosefu peke yake kwenye kona ya nyumba, baone mwashi wake wa kwanza. Sisi akatutuma mbali kubeba mbao. Yaya, nilisali Salamu Maria na mbao kwenye bega, nikimuangalia toka kule. Aliweka matofari kidogo, yamenyooka vizuri kabisa. Halafu kikohozi kikamukamata, mwiko ukaanguka, akakaa chini kwenye muchanga. Muzungu wa mine akatazama saa yake, akaandika, akaenda zake.

Patroni akamuuliza, "Jana uko wa kwanza, leo unanichezea?"

Akajibu polepole, "Bwana, nguvu ya jana haikuwa yangu."

Hakututaja. Patroni akafikiri anasema mambo ya dawa ya uchawi, akakasirika zaidi, akamufukuza palepale. Mangaribi tulienda kumueleza patroni ukweli. Alitusikiliza mpaka mwisho, halafu akasema nyumba zile amepewa mwenye kampuni ile ingine, ukweli wetu hauzijengi tena.

Sasa Baba Yosefu anashinda kwenye mulango wangu, rozari mukononi. Padri alikuja kumuombea, akasema hewa ya kwetu itamufaa kuliko vumbi ya huku. Nikimwambia apande treni mpaka Bukama, ashuke na boti mpaka kwenu, ananijibu: "Filipo, muntu alitoka kwake kwenda kujenga, anarudi kulishwa?" Nikiendelea, anasikia kama ninamufukuza mimi pia. Juzi alitoka kutafuta kazi kwa kampuni ingine. Bantu balimurudisha bamemubeba. Ninaogopa tutamuzika huku, na wewe hujamuona.

Kwa hiyo ninakuomba umwite wewe. Mwambie Mateo katekista akuandikie, lakini maneno yawe yako. Usimulaumu, usimuhurumie sana. Sikuombi uongo, Yaya, Mungu anatuona. Angalia tu pale nyumbani ni kitu gani kinamungoja, hata kidogo, hata kuketi na mutoto wenu Yosefu kumufundisha kushika mwiko, umutajie. Mimi shemeji yake nimeshindwa. Muke wake akimwita, labda atafunga mizigo.

Unisalimie mama aliyetuzaa, na shangazi mwenye kufinyanga vyungu, na mama mukwe wako. Lakini yeye usimwambie habari ya kuanguka, moyo wake ni muzee. Mwambie Yosefu baba yake anamutaja kila siku katika sala.

Ni mimi mudogo wako, Filipo. Tafazali, Yaya, jibu upesi.