Bando la Neema

Jumanne usiku

...na bado nikamjibu bosi, "Kawaida tu." Mdomo huu!

Asubuhi, kwa ubahili wa bando, sikuvuta kwanza mabadiliko ya wenzangu kwenye Git, ghala la pamoja la kodi za programu zetu. Nikasukuma yangu kwa nguvu, yakafunika ya wengine. Kazi ya mwenzangu Neema, programu ya mizani ya pamba, ambayo wateja wanakuja kuiona kesho, ikafutika kwenye seva.

Nikasingizia mtandao.

"Kaka, mtandao wa Bariadi hauna nguvu hizo," Neema akacheka. Akairudisha yote kutoka nakala ya kompyuta yake.

Kwa bosi, fundi ni yule anayeongea zaidi. Akanipiga begani, akanishukuru kwa Kisukuma. "Nasikia kazi imeokolewa. Wabeja sana!"

"Kawaida tu, bosi."

Neema hakuniumbua. Akaniwashia intaneti ya simu yake. "Vuta kwanza, kaka."

Nikavuta. Kwa bando lake.