Kitanda cha Hakorimana Kimekuwa Upinde

Muheto, Masisi
Tarehe 8 Januari 2023

Mupendwa dada yangu Adelaïde,

Bonane, mwaka mupya mwema kwako, kwa shemeji Marcellin na kwa watoto wote. Muko namna gani kule Bukavu? Na lile goti lako, lilipona? Nilisikia kwamba unapanda ngazi za kazini ukishikilia ukuta, nikahuzunika. Usilinyamazie. Wewe toka utoto unapenda kunyamazia ugonjwa.

Sisi huku tunapumua, Mungu anatulinda. Mama mukwe Thacienne anakohoa baridi ikizidi, lakini anatembea. Binti yetu Shekinah amerefuka, magauni yake ya mwaka jana yote yamekuwa mafupi. Noeli tuliimba vizuri kanisani, kisha tukarudi kula sombe ya majani ya mihogo bila samaki.

Kuhusu mume wangu Hakorimana, hakuna kipya. Najua utauliza, njo maana nasema mapema. Tangu aende Walikale kupasua mbao, sasa ni mwaka na nusu. Théoneste, aliyekuwa naye kule porini, alirudi mwezi wa tisa. Alitueleza kwamba watu wenye silaha waliingia kwenye kambi yao asubuhi, kila muntu akakimbia upande wake. Alisema: "Mwili wake sikuuona, na yeye mwenyewe sikumuona tena." Hayo tu. Mama mukwe alimupa chakula, akala, akaenda.

Sasa nikueleze ya shamba. Wakati ule wa vita tulipokimbilia Sake, mashamba mengi ya kule juu mulimani yaligeuka pori, na nguruwe wa pori wakazaana humo. Tuliporudi tulipanda maharagi na mihogo. Mwezi wa kumi nguruwe wakaanza kuingia. Wanafika alfajiri, kundi zima, wanafukua mihogo hata ile isiyokomaa. Tulipiga madebe, wakayazoea. Tulichimba shimo, wakalizunguka.

Njo nikafikiri upinde. Usinicheke, dada. Huku sijaona mwanamuke akishika kitu kama hicho, na wazee waliojua kukitengeneza wamekwisha kufa. Na kijiji chetu kinaitwa Muheto, ni kusema upinde! Nilienda kwa Papa Byamungu, yule fundi wa mbao, nikamuomba anitengenezee. Akakataa.

"Mimi najua meza na milango," akasema. "Na wewe iko muke wa muntu. Utashika upinde namna gani?"

"Nguruwe hawaniulizi kama niko muke wa muntu, Papa."

Alicheka kidogo, kisha akaniuliza niko na mbao gani. Nikamujibu: libuyu. Akaangalia upande wa nyumba yetu, maana alijua mbao hizo ziko wapi.

Unakikumbuka kitanda chetu. Hakorimana alikitengeneza kabla ya ndoa, na pembeni aliweka mbao mbili ndefu za libuyu, nyekundu, ngumu, alizobeba kichwani kutoka Walikale siku nne. Nyumbani hakuna mbao nyingine ya namna hiyo. Miti tunayopanda huku ni mikaratusi tu, nayo niliogopa itapasuka.

Mama mukwe alinikuta niking'oa ubao wa kwanza. Aliniuliza kitu kimoja: "Akirudi, atalala wapi?" Niliendelea kung'oa. Siku tatu hatukula pamoja. Alikuwa anapika, ananiwekea, anatoka.

Papa Byamungu hakutaka kutengeneza, lakini aliniazima rabo yake ya kulainisha mbao, na akanionyesha nyuzi za ubao. Zikienda sawasawa toka mwanzo mpaka mwisho, ubao utavumilia kupindwa. Zikitokea pembeni, utavunjika hapo hapo. Wa kwangu ulikuwa na nyuzi sawa, isipokuwa sehemu moja ndogo karibu na mwisho. Niliiona, nikajiambia itapita. Nilipima urefu wangu, nikachora musitari wa makaa katikati, nikaacha unene mahali pa kushika, halafu nikachonga kwa panga kwenda huku na huku. Libuyu iko ngumu, dada! Panga linaruka kama umepiga jiwe. Viganja vyangu vilitoka malengelenge, yakapasuka, nikafunga kitambaa.

Siku niliyofunga kamba nilikuwa na haraka, maana asubuhi ile nguruwe walikuwa wamemaliza mistari sita ya mihogo. Nikavuta mara moja mpaka begani. Ulivunjika pale pale nilipopaona. Kipande kikanipasua shavu chini ya jicho. Nililia, lakini hayakuwa machozi ya kidonda.

Kesho yake nilisikia kitu kikigongwa chumbani. Nikamukuta mama mukwe amepiga magoti, anang'oa ubao wa pili kwa jiwe.

"Mama, acha."

"Chukua," akasema. Hakuniangalia. "Mimi nilijua toka siku Théoneste alipokula hapa. Alikula haraka, macho kwenye sahani. Muntu mwenye matumaini hakule vile. Nilikuwa namungojea sababu wewe ulikuwa unamungojea."

Nikamwambia kwamba na mimi nilikuwa namungojea sababu yake yeye. Tukakaa chini sisi wawili, ubao ukiwa katikati yetu. Hakulia, na mimi sikulia. Toka siku hiyo godoro liko chini, na nyumbani hakuna anayesema "akirudi".

Upinde wa pili niliufanya polepole, wiki mbili na zaidi. Nilikuwa nauegemeza kwenye nguzo ya nyumba, mama mukwe anavuta kamba kidogo, mimi nasimama mbali naangalia kama mikono yote miwili ya upinde inapinda sawa. Ule unaokataa kupinda, naukwangua na kipande cha chupa, kisha tunajaribu tena. Kuna siku tulifanya kazi mpaka mvua inatunyeshea na hatukuingia ndani. Mishale nilitengeneza na matete, kwenye ncha nikafunga misumari niliyoigonga mpaka ikawa bapa. Papa Byamungu alipokuja kuuona, aliuvuta, akauachia taratibu, akasema: "Hii ni upinde kweli." Nitakuwa muongo nikisema sikufurahi. Nilifurahi siku nzima.

Nilingojea shambani alfajiri tatu. Ya tatu wakaja, nikahesabu kumi na nne, na wadogo sikuwahesabu. Nikapiga jike moja ubavuni. Alipiga kelele, wote wakakimbia. Nilifuata damu mpaka kwenye korongo, ikapotea. Siku ya pili mbwa walimukuta kabla yangu. Harufu tu njo ilinionyesha mahali. Hata nyama hatukuonja.

Na wale wengine walikaa mbali siku nne, wakarudi. Nimepiga tena, nimekosa, nimepiga tena. Mishale yangu karibu yote imevunjika ao imepotea. Mushale mumoja hauzuii kundi, dada. Maharagi tuliyovuna ni vikapu viwili, na humo tutoe mbegu. Mihogo imekwisha. Upinde wenyewe umeanza kubaki umepinda hata nikifungua kamba, na nguvu yake inapungua. Bado naenda nao kila alfajiri, maana nikibaki nyumbani nitafanya nini?

Sasa nafika kwenye neno lililofanya nikuandikie. Nakuomba umupokee Shekinah. Mama Verdiane, anayeuza samaki, atashuka naye mpaka Bweremana kwenye ziwa juma lijalo, kisha atamufikisha Bukavu kwa mashua yeye mwenyewe. Yeye njo anakuletea barua hii. Nimemwambia mutoto kwamba anakuja kwako kusoma. Sijamwambia ni kwa muda gani, sababu mimi mwenyewe sijue. Mama mukwe na mimi tutabaki. Yeye hataki kukimbia tena, na mimi siwezi kumuacha.

Shekinah anajua kuosha vyombo, kufua, na kusoma Biblia kwa sauti. Akilia siku za kwanza, mwache alie. Usimuulize kama ana njaa. Atakuambia hapana, amezoea kusema hapana ili bibi yake ale. Muwekee sahani tu, kisha uangalie upande mwingine.

Nisalimie shemeji Marcellin, watoto Gisubizo na Naomie, na mama mukubwa Uwamwezi kama bado anaona vizuri. Mama mukwe anawasalimu wote, anasema goti ulikande na maji ya moto.

Mungu aliyewapa nyumba yenye mulango awalinde ndani yake, na aongeze nafasi ya mumoja.

Mimi mudogo wako, ninayekupenda bila kuchoka,
Umwali